Shajara ya mradi: Amarone ya vichanja, Valpolicella

Agosti 28

Familia ninayofanya kazi kwao ina hekta zisizozidi tatu za mizabibu kwenye mteremko juu ya Fumane, kaskazini-magharibi mwa Verona, Italia. Eneo hili ni Valpolicella ile kongwe, inayoitwa Classica, pamoja na Negrar, Marano, San Pietro in Cariano na Sant'Ambrogio. Kwa miaka mingi zabibu zao za Amarone, mvinyo mwekundu wa huku, wamezikausha kwenye kreti za plastiki. Mwaka huu sehemu ya mavuno inarudi kwenye arele, vichanja vya matete alivyotumia baba yake Mzee, mkuu wa familia hii, na sehemu inabaki kwenye kreti. Tutalinganisha kwa mizani, kwa macho na, mwishoni, kwa ulimi. Kazi yangu ni kubeba, kupima na kuandika.

Kwa asiyeijua Amarone: zabibu zake huvunwa Septemba lakini hazikamuliwi. Hupandishwa darini, zikatandazwa, zikaachwa miezi mitatu na zaidi zinywee taratibu. Zikishapoteza theluthi moja ya uzito, pengine hata asilimia 40, ndipo huvunjwa na kuchachushwa katikati ya baridi. Sukari karibu yote hugeuka kilevi. Mvinyo hutoka mwekundu wa giza, mzito, usio na utamu wa wazi, kilevi chake asilimia 15 au 16. Kanuni inataka kisipungue 14.

Leo tumeshusha vichanja kutoka ghala la nyuma. Aliyeona vichanja vya kukaushia dagaa kando ya Ziwa Victoria hahitaji maelezo marefu: fremu ya mbao, matete yaliyopangwa sambamba, nafasi ya hewa chini na juu. Tofauti ni kwamba hivi hupangwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na paa. Zamani vilifanya kazi mbili. Wakulima wa Verona walifuga nondo wa hariri, na matete yaleyale yaliyolaza viwavi wakati wa machipuko yalipokea zabibu majira ya vuli. Mama wa nyumba hii anakumbuka bibi yake akisimulia sauti ya viwavi wakitafuna majani ya mforosadi usiku kucha.

Tumevisugua kwa maji ya moto na brashi ngumu, bila dawa yoyote, tukaviegesha juani. Vilivyooza tumevitenga. Vilivyobaki vinatosha kwa karibu robo ya zabibu tunazotarajia kukausha.

Niseme pia kilichonileta. Mimi ni mtu wa Dodoma, na Dodoma mizabibu ina mkono wa Waitalia ndani yake: wamisionari wao walipanda Bihawana, na leo mkulima wa kwetu huvuna mara mbili kwa mwaka. Nimekua nikiona zabibu nzuri zikiharibika kwa kukosa mnunuzi kwa wakati. Watu ambao kwa makusudi huacha zabibu zikae miezi darini bila kuoza lazima wana jambo la kufundisha.

Septemba 11

Tumetembea mistari yote kwa miguu, Mzee mbele, mimi nyuma na daftari.

Mizabibu hapa haikusimamishwa kama ukuta wa majani. Imetambazwa juu ya nguzo na waya kama paa, na vichala vinaning'inia chini ya kivuli. Ndiyo pergola ya Kiverona. Wengi wameing'oa wakaweka mistari ya kusimama ili mashine zipite na miche iwe mingi kwa hekta. Familia hii haikufanya hivyo, na sababu si mapenzi ya ukale. Corvina, zabibu kuu ya Valpolicella, haizai kwenye macho ya mwanzo ya tawi, yale yaliyo karibu na shina. Ukipogoa fupi unakata mavuno yako. Inahitaji tawi refu, na tawi refu linahitaji mahali pa kutambaa. Kivuli cha majani pia huzuia ngozi ya zabibu isiungue, jambo ambalo viangazi vya siku hizi vimelipa thamani mpya.

Corvina ndiyo inayotawala, na kanuni inaitaka, ikihesabiwa pamoja na jirani yake Corvinone, iwe kati ya asilimia 45 na 95 ya mchanganyiko. Corvinone ina punje kubwa zaidi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Corvina iliyonenepa tu hadi mwaka 1993 ilipotambuliwa rasmi kuwa zabibu ya aina yake. Rondinella ni ile isiyosumbua: haipendi kuugua, inazaa kila mwaka, inakauka vizuri. Molinara, yenye rangi hafifu na unga mweupe juu ya ngozi, iliondolewa kwenye orodha ya lazima mwaka 2003 na mashamba mengi yameiacha. Mzee amebakiza mistari michache kwenye kona ya juu. Anasema inaupa mvinyo chumvi kidogo. Nimeionja mbichi shambani na siwezi kubisha.

Tulichokuwa tunatafuta leo ni vichala vilivyo wazi, yaani vile ambavyo punje zake hazibanani. Kichala kilichobanana ni kizuri kwa mvinyo wa kawaida na ni hatari darini, kwa sababu punje moja ikipasuka katikati maji yake huwalowesha jirani zote na hewa haifiki. Mzee anakiinua kichala kwa vidole viwili, anakitazama dhidi ya mwanga, kisha anakiacha au anafunga uzi mwekundu kwenye tawi. Maneno yake hayazidi mawili matatu kwa mstari mzima. Mvua imetabiriwa mwisho wa juma lijalo, kwa hiyo hakuna muda wa kuzubaa.

Septemba 19

Tumeanza. Kwa Amarone mavuno ya kwanza ndiyo bora: mnapita mara ya kwanza kuchukua vichala vya kukausha, na vilivyobaki vinasubiri siku nyingine viwe Valpolicella ya kawaida. Si kilimo cha kukata kila kitu kwa mpigo.

Nimeyagawa mavuno mafungu matatu ili ulinganisho uwe na maana.

Fungu A: kutoka matuta ya juu, limechaguliwa na familia, limewekwa kwenye vichanja.

Fungu B: matuta hayohayo, mikono hiyohiyo, limewekwa kwenye kreti.

Fungu C: kutoka matuta ya chini, limevunwa na kikosi cha vibarua kwa siku moja kabla ya mvua, limewekwa kwenye kreti. Walifanya kazi kwa bidii, lakini ukiwa na mawingu juu ya kichwa na malipo ya siku, huinui kila kichala dhidi ya mwanga. Hili fungu halikuwa kwenye mpango wa awali. Limeingia kwa sababu ya hali ya hewa, na nadhani litatufundisha.

Kila kreti ina tabaka moja tu la vichala, kama kilo sita, visikandamizane. Mama ndiye anayekagua mlangoni mwa dari. Ana mkasi mdogo wa ncha kali na anatoa punje moja moja iliyochubuka. Kreti aliyoirudisha inarudi kweli. Hakuna wa kujadiliana naye.

Septemba 24

Mvua imenyesha siku mbili. Wakati wa kusubiri nimekaa na kanuni za mvinyo huu, maana bila hesabu mtu haelewi kwa nini chupa ya Amarone ina bei iliyo nayo.

Hekta moja ya Valpolicella inaruhusiwa kutoa tani 12 za zabibu. Kati ya hizo, zisizozidi asilimia 65 ndizo zinazoweza kupelekwa kukaushwa, yaani kilo 7,800. Na kutoka katika zabibu hizo, ukihesabu uzito wa zikiwa mbichi, mvinyo hauruhusiwi kuzidi asilimia 40: lita 3,120, sawa na chupa 4,160. Zabibu hizohizo zingekamuliwa siku ya kuvunwa, zingetoa lita zaidi ya 5,400. Chama cha wazalishaji kinaweza kubana viwango hivi zaidi mwaka ambao soko limejaa. Na hapa mteremkoni, kwenye mawe ya chokaa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, hekta haifiki tani 12 hata ukiiomba.

Kisha kuna muda. Amarone haiuzwi kabla ya kukaa miaka miwili, ikihesabiwa kuanzia Januari mosi inayofuata mavuno. Inayoitwa Riserva inangoja minne. Kwa familia ndogo hii ina maana ya kulipa vibarua leo kwa chupa itakayouzwa wakati kijana wao wa mwisho amemaliza shule.

Oktoba 9

Vipimo vya kwanza vya maana. Vichanja vimepungua uzito kwa kasi kidogo kuliko kreti, na vimepungua kwa usawa: upande wa dirisha na upande wa ukuta havitofautiani sana. Kwenye kreti, zile za safu ya nje zimetangulia na za ndani zimebaki nyuma. Kijana wa nyumba hii, aliyesomea kilimo cha mizabibu, amependekeza tuzizungushe kila Jumatatu. Tumekubaliana.

Nimefurahi na dari yenyewe. Ipo juu ya nyumba, madirisha yake yanatazamana, na asubuhi upepo unashuka kutoka milima ya Lessini na kupita katikati. Siku ikiwa kavu tunafungua yote. Ukungu ukipanda kutoka bonde la mto Adige tunafunga na kuwasha feni. Kanuni inaruhusu mitambo ya kusaidia hewa, ila inakataza kabisa kupunguza unyevu kwa kutumia joto. Ninaunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Ukiweka joto utakausha kwa wiki chache, lakini utakuwa umetengeneza zabibu kavu za keki.

Oktoba 22

Ukungu haujaondoka kwa siku kadhaa na kipimaunyevu kimegoma kushuka. Kuvu ya kijivu imeonekana.

Kwenye A, punje chache. Kwenye B, chache zaidi kidogo, hasa katikati ya marundo ya kreti. Kwenye C imeenea. Si balaa, lakini kila kreti ina kichala kimoja au viwili vilivyoshikwa ndani, palepale ambapo punje zilibanana. Kwa nje kichala kinaonekana kizima, ukikipasua katikati unakuta vumbi la kijivu na harufu ya uyoga mbichi.

Kutwa nzima tumekuwa darini sote, mikasi mkononi. Kazi hii huwa haipigwi picha. Unakaa kwenye kigoda, unachukua kreti, unageuza kila kichala, unakata kilichoharibika, unarudisha, unachukua nyingine. Vichanja vina shida yake hapa: safu za juu zinafikiwa kwa ngazi, na ni vigumu kugeuza kichala bila kukiangusha. Mzee anasema zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto kwa sababu ni wepesi na wana mikono midogo. Leo watoto wako shule, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa hiyo ngazi ni yetu.

Wapo wanaopenda kuvu hii kidogo kwenye Amarone. Inapoingia polepole kwenye zabibu iliyokwisha kukauka huongeza gliseroli, na mvinyo huwa laini mdomoni. Familia hii haiitaki hata kidogo. Wanataka harufu ya cheri na mlozi mchungu ibaki safi. Baada ya kuonja chupa zao za zamani nimeegemea upande wao.

Novemba 3

Leo ni siku ya mapumziko, nimeitumia kusoma historia na kumsikiliza Mzee.

Kukausha zabibu huku ni jambo la kale sana. Katika karne ya 6 Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Waostrogothi, aliandika barua ya kuagiza mvinyo wa Verona kwa meza ya kifalme. Ndani yake anaeleza zabibu zilizochaguliwa, zikaning'inizwa, zikatunzwa ndani hadi majira ya baridi, na kwamba mvinyo huo ulizaliwa wakati mvinyo mwingine umeshaanza kuzeeka. Ukiacha lugha yake ya kifahari, ni dari yetu hii.

Mvinyo aliousifu ulikuwa mtamu, na kwa karne nyingi uliotengenezwa hapa ulikuwa mtamu. Recioto, ndugu mkubwa wa Amarone, bado ni mtamu na bado ndio familia inaotoa wakati wa Pasaka na ubatizo. Inapatikana kwa kusimamisha kuchacha kabla sukari haijaisha. Pipa likiachwa, hamira huila sukari yote na utamu hupotea. Kwa muda mrefu hilo lilihesabiwa kuwa hasara. Mwaka 1936, katika chama cha ushirika cha wakulima cha Valpolicella, pipa la namna hiyo lilionjwa na msimamizi wa ghala akaona kuna kitu kizuri ndani yake. Amarone ilianza kuuzwa kwa watu wengi miaka ya 1950, Valpolicella ikapata kanuni zake za DOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, mwaka 1968, na Amarone ikapewa daraja la juu, DOCG, kuanzia mavuno ya 2010.

Kwa hiyo mvinyo huu ni mchanga kuliko Mzee anavyopenda kukiri. Babu yake hakuwahi kuuza chupa ya Amarone. Aliuza Recioto, hariri na cheri.

Novemba 17

Kreti ya mfano ya fungu B iliyoingia na kilo 6 sasa ina kilo 4.5. Kichanja cha mfano cha A kimetangulia kidogo tu. Tofauti iliyokuwapo Oktoba inapungua, maana tangu tuanze kuzungusha kreti kila juma nazo zimekuwa na usawa.

Kuna jambo ambalo sikulijua kabla ya kuja huku, na limebadilisha jinsi ninavyozitazama zabibu hizi. Nilidhani kinachotoka darini ni maji tu na kila kilichobaki kinakolea. Sivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Verona wameichunguza Corvina katika kipindi hiki na kuonyesha kwamba punje iliyokatwa kwenye mti inaendelea kuishi. Baadhi ya jeni zake huamka wakati wa kunywea, zile za kujikinga na ukame na magonjwa, na vitu vipya hutengenezwa kwenye ngozi, pamoja na resveratroli. Uchachu wa aina ya maliki hupungua kwa sababu punje inaula ili iishi. Harufu zinazotoka Januari hazikuwapo Septemba.

Hapo ndipo naelewa kwa nini baridi ni lazima. Zabibu inapewa muda wa kujibu hali yake mpya. Ikikaushwa haraka hufa kabla ya kujibu chochote.

Dodoma tuna kinyume chake: kiangazi kirefu, hewa kavu, na joto. Kuvu kama hii ya Oktoba isingetusumbua. Lakini kwenye nyuzi 30 kichala kingenywea kabla hakijafanya mabadiliko haya, na nzi na nyigu wangefika kwanza. Anayeniuliza kama tuanze kutengeneza Amarone ya Dodoma namjibu hapana. Kinachoweza kusafiri ni hatua za kabla ya dari: kupita shambani mara mbili, kuchagua vichala vilivyo wazi, kreti ya tabaka moja badala ya ndoo iliyoshindiliwa. Hayo hayahitaji baridi ya Lessini, na yangeokoa zabibu nyingi njiani kutoka Hombolo hadi kiwandani.

Desemba 2

Tangu jana kanuni inaruhusu kukamua. Baadhi ya majirani wameanza, tunasikia mitambo bondeni. Hapa hatugusi. Corvinone bado imejaa maji kuliko wenzake kwa sababu ya ukubwa wa punje zake.

Kijana angependa kuanza kabla ya Krismasi. Ana hoja: kadiri unavyosubiri ndivyo sukari inavyopanda, na mvinyo wa asilimia 17 unachosha. Soko nalo limeanza kuchoka na Amarone nzito zenye utamu uliofichwa, zinazotengenezwa kumshangaza mtu kwa tone la kwanza. Nakubaliana naye kuhusu mvinyo hizo. Nimeonja kadhaa na kila moja ilinishinda kwenye glasi ya pili. Mzee naye anasema zabibu ikiwa nusu kavu hutoa mvinyo nusu. Wamekubaliana kupima sukari kila juma na kusimama itakapotoa asilimia 15 na nusu ya kilevi. Hesabu ni nyepesi: kila gramu 17 hivi za sukari katika lita huzaa asilimia moja, kwa hiyo tunatafuta gramu 260 na kidogo.

Januari 8

Tumevunja zabibu. Sukari imefika tulipotaka.

Kabla ya kuvunja tumepita kila kichala kwa mara ya mwisho, na nimeandika kilichotupwa kwa kila fungu. A na B ziko karibu sana, A ikiwa mbele kwa tofauti ndogo ambayo nisingeweka dau juu yake. C tumetupa zaidi ya mara tatu ya B, kwa kreti zilezile, dari ileile, feni zilezile. Baadhi ya kreti za C zimehamishiwa kabisa nje ya Amarone.

Hili ndilo tokeo kubwa la mradi hadi sasa, na halihusu matete wala plastiki. Nilikuja nikiamini kwamba siri ipo kwenye kichanja. Mizani inaonyesha mkono uliokata Septemba. Kichala kilichoingia kizuri kilibaki kizuri popote kilipolazwa.

Kuvunja zabibu zilizonywea ni kazi nzito. Hazitoi maji, zinatoa rojo. Kila fungu limeingia kwenye tangi lake dogo la chuma cha pua. Ghalani kuna baridi kali na hakuna dalili ya kuchacha.

Januari 15

Bado kimya. Hamira hufanya kazi polepole kwenye baridi, na sukari nyingi namna hii nayo huilemea. Watu wa mvinyo wa kawaida wangeshapiga kelele. Huku hawana wasiwasi, wanachanganya rojo kwa fimbo ya mbao mara mbili kwa siku ili ngozi zilizo juu zisikauke, na wanaondoka. Amarone inaweza kuchacha mwezi mzima na zaidi.

Januari 19

Imeanza! Tangi A saa za alfajiri, B jioni. Harufu ya cheri imejaa ghala lote.

Februari 16

Sukari imekwisha. Tumemwaga mvinyo kutoka kwenye machicha na kukamua taratibu. Machicha yamebaki na unyevu wa mvinyo, sukari kidogo na hamira hai, na hapa hayatupwi. Valpolicella ya kawaida iliyovunwa Septemba, ambayo tangu Oktoba imekuwa ikisubiri tangini, imemiminwa juu yake. Ndani ya siku chache imeanza kuchacha upya. Inachukua rangi, tanini (ukakasi wa ngozi za zabibu), kilevi cha kuongezea na sehemu ya harufu ya zabibu kavu. Huu ndio Ripasso, na kwa familia ndogo ndio unaolipa bili ya umeme wakati Amarone imelala. Kanuni inaruhusu lita mbili za Ripasso kwa kila lita moja ya Amarone.

Nilipenda Ripasso kabla sijajua unavyotengenezwa. Sasa naupenda zaidi, kwa sababu hakuna hatua hata moja ambapo kitu kizuri kinaachwa kipotee.

Machi 1

Tumeonja A na B bila kujua ipi ni ipi. Mama alimimina akiwa jikoni, akaleta glasi mezani zikiwa na alama chini. Tulikuwa watu watano.

Zote mbili bado ni changa, tanini inakwaruza, kilevi kinasikika kooni. Glasi moja ilikuwa na harufu ya wazi zaidi ya maua makavu na cheri chachu. Nyingine ilikuwa imenenepa kidogo katikati ya ulimi. Watatu walichagua ya kwanza, wawili ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya vichanja. Kura tatu kwa mbili hazithibitishi lolote, na nimeandika hivyo kwenye daftari kwa herufi kubwa. Hata hivyo Mzee alipoambiwa, alikaa na ile glasi hadi chakula kilipokwisha, na hakuna aliyemnyima furaha hiyo. Ya C hatukuionja pamoja na hizi. Imekwenda kwenye Ripasso.

Machi 14

Mvinyo wote umehamia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia. Mapipa haya ni ya zamani na hayatoi ladha ya mbao, yanaupa mvinyo hewa kidogo kidogo tu. A na B zimebaki mbalimbali, kila moja na kibao chake.

Uamuzi wa msimu ujao umefikiwa mezani, na umekuwa wa haraka kuliko nilivyotarajia. Vichanja vitatumika kwa Corvinone peke yake, maana punje zake kubwa ndizo zilizofaidika na hewa ya chini. Corvina na Rondinella zitabaki kwenye kreti, zizungushwe kila juma. Fedha iliyokuwa imetengwa kwa feni mpya itaongezwa kwenye siku za kuvuna: watu wachache zaidi, siku nyingi zaidi, malipo kwa siku bila kuhesabu kreti, na hakuna kuingia matuta ya chini kabla Mzee au Mama hajapita na uzi mwekundu. Ikiwa mvua itatangulia, zabibu za matuta hayo zitakwenda Valpolicella ya kawaida na Amarone itakuwa kidogo. Kijana ameandika hilo kwenye ratiba, na Mama ametia saini chini yake.

Kesho tunaanza kufunga matawi juu ya pergola. Kuonja tena A na B: Novemba.